Kitufe cha Ng'ombe

Juzi niliingia steshenari moja Ilala kuchapisha tangazo la kubandika getini kwangu. Maneno yenyewe machache: Maziwa ya ng'ombe yanapatikana hapa, asubuhi na jioni. Kijana aliyekuwa kwenye kompyuta alinipa shikamoo nzuri, akaandika haraka, akachapa, akanikabidhi karatasi. Kuitazama, imeandikwa "maziwa ya ngombe". Nikamwambia, mwanangu, umeacha ritifaa, ile alama ya juu inayokaa baada ya ng. Akacheka kwa adabu.

"Bibi, hii mashine haikubali. Ukiiweka inaleta vituko. Lakini si unaelewa tu?"

Nilimwomba anipishe kiti. Nikaingia kwenye mipangilio ya kibodi, nikarekebisha palipokuwa pa kurekebisha, nikaandika tangazo langu mwenyewe, nikalipa, nikaondoka. Njia nzima mpaka Magomeni nilikuwa naongea peke yangu.

Sasa naandika haya kwa ajili yake na kwa ajili yenu nyote mnaokaa mbele ya mashine na kusema haikubali. Nimeyasikia maneno hayo maisha yangu yote ya kazi, na kila nilipoyasikia, aliyekuwa hakubali alikuwa mtu. Mashine haina ubishi. Mwenye ubishi ni mimi.

Nilikuwa taipisti. Nilianzia kwenye shirika moja la umma, chumba kizima cha wanawake na mashine zao, zikigonga kutwa hadi ukitoka nje masikio yanaendelea kugonga. Mageuzi ya uchumi yalipoingia tukaambiwa tumezidi, tukapunguzwa. Wenzangu wengine walifungua genge, wengine wakauza mitumba. Mimi nilijua kazi moja, niliipenda, na nilikuwa na hasira ya kuambiwa nimezidi. Nikazunguka mjini na cheti changu cha kuchapa hadi nikafika Mchafukoge, kwa Bwana Kanti.

Bwana Kanti alikuwa na ofisi ya uchapaji chini ya ghorofa, na juu yake ndiko alikoishi na familia yake. Baba yake alitoka Gujarati, yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa mjini, na akikasirika alikasirika kwa Kiswahili. Biashara ilikuwa imefunguliwa miaka ile. Kariakoo kila ukuta ulikuwa unatobolewa mlango wa duka, na kila duka lilitaka ankara zenye jina juu, vipeperushi na kadi. Alinipa ukurasa wa kuchapa, akasimama nyuma yangu na saa mkononi, kisha akaniambia nianze kesho yake.

Kompyuta zilikuja baadaye, zimekwishatumika, alizinunua Dubai kwa bei ya kutupa. Kabla ya Dubai zilikuwa ofisi fulani ya Ulaya, katika nchi ambayo watu wake huandika vialama juu ya a na e na o zao. Hilo hatukulijua. Tuliona skrini nyeusi yenye herufi za kijani, tukapiga makofi.

Nisiwadanganye kwamba tulipendana mara moja. Mkono wa taipureta ni mzito. Ukikaa miaka kwenye mashine ya chuma unazoea kukibana kitufe kwa nguvu zote, na kompyuta ukiibana hivyo inadhani unaitaka herufi hiyo kwa wingi. Barua yangu ya kwanza ilianza na "Nddduguu". Halafu kulikuwa na tarakimu ya moja, 1. Taipureta zetu nyingi hazikuwa na kitufe chake; tuliandika l ndogo na hakuna aliyeona tofauti. Nikachapa orodha ya bei ya duka zima la vitenge kwa mtindo huo, na kompyuta ilipoambiwa ijumlishe ikagoma. Bwana Kanti aliizunguka meza akiamini ameuziwa mashine mbovu. Na herufi kubwa je? Kwenye taipureta ukizifunga, ukigusa kitufe cha pembeni zinafunguka. Kompyuta haikufungua kitu. Mimi macho yangu yako kwenye karatasi ya mteja, ndivyo taipisti anavyofanya kazi, nikija kuinua kichwa ukurasa wote ni herufi kubwa tupu.

Fundi wetu aliitwa Fredi, kijana mpole aliyesomea kompyuta, mwenye kalamu tatu mfukoni na jibu moja mdomoni.

"Mama Zawadi, utazoea tu."

Neno hilo lilinichoma kuliko kupunguzwa kazi. Kwa nini nizoee mimi? Mikono yangu ilikuwa na miaka ya ufundi ndani yake, ile mashine ilikuwa na wiki tatu mjini.

Aliyenielewa alikuwa Mzee Shomari. Alifanya kazi ng'ambo ya barabara, kwenye kiwanda kidogo cha uchapishaji ambako Bwana Kanti alipeleka kadi zake. Ujana wake wote alikuwa mpangaji wa herufi za madini ya risasi, zile za kuokota moja moja kwenye visanduku na kuzipanga kinyume. Nilikuwa nakwenda kunywa kahawa kwake mchana, ananionyesha vidole vyake vilivyokuwa vimeingia weusi usiotoka tena.

Alinisimulia kwamba herufi za risasi zilikuwa zinakuja kwa mafungu yaliyohesabiwa kwa ajili ya Kiingereza. E tele, s tele, k za kuhesabika, a hazitoshi. Ukipanga ukurasa wa Kiswahili, hujafika katikati k zimekwisha.

"Sasa mlifanyaje, mzee?"

"Bosi alituambia tuchague maneno yasiyo na k."

"Mkachagua?"

Alinitazama kama nimemtukana. "Kiswahili bila k, mwanangu? Nilimpangia bango la mteja wake mkubwa kama alivyotaka. Juu kabisa nikaandika ARIBUNI. Alipoliona akaenda mwenyewe kuagiza k."

Nilicheka hadi kahawa ikanimwagikia. Lakini niliondoka pale na kitu. Yule mzee hakuwahi kudhani kwamba lugha ndiyo iliyokosea.

Ndipo kikaja kitabu cha ng'ombe.

Mtakumbuka, au waulizeni wazazi wenu, miaka ile mshahara ulikuwa hautoshi hata nauli, kwa hiyo kila mwenye kiwanja alikuwa na mradi. Kuku, nguruwe, ng'ombe wa maziwa ndani ya jiji, wamefungwa mabandani nyuma ya nyumba za maofisa. Daktari Lema, daktari wa mifugo aliyestaafu, mtu wa watu, aliandika kwa mkono kitabu cha kuwafundisha wafugaji hao wapya: namna ya kulisha, kukamua, kutambua ugonjwa wa kiwele. Alikuwa ameitisha mafunzo, watu wamekwishaandikishwa, na alikitaka kitabu kabla ya siku hiyo. Bwana Kanti akakiweka mezani kwangu.

Hapakuwa na mstari usio na ng'ombe. Nikaandika n, nikaandika g, nikabonyeza ritifaa. Hakikutokea kitu. Nikabonyeza o. Ikatokea "ngómbe". Alama imeruka, imekwenda kukaa juu ya o kama kofia. Nikafuta, nikarudia: ngómbe. Nikajaribu maneno mengine. Kung'uta ikawa kungúta. Ng'ang'ania ikawa ngángánia. Mnajua wenyewe kwamba baada ya ng' karibu kila mara kuna irabu, kwa hiyo hapakuwa na pa kutokea.

Fredi alikuja akaangalia, akaridhika kabisa.

"Mama, mashine ni nzima. Hiki kitufe ndivyo kilivyo kule kilikotoka. Kinasubiri irabu ije kikaivishe alama. Wewe ukitaka alama yenyewe peke yake, kibonyeze, halafu bonyeza spesi, ndiyo uendelee."

"Kila nikifika kwenye ng'ombe?"

"Kila ukifika."

Nilijaribu, wala msidhani nilikataa kwa kiburi. Lakini taipisti huandika kwa mdundo. Mkono ukishaingia kwenye mdundo huwezi kuuambia usimame katikati ya neno, upige hodi, usubiri, ndipo uingie. Nusu ya ng'ombe wa Daktari Lema walivaa kofia, nusu walikatika vipande viwili. Nikamwomba Fredi aigeuze kibodi yote iwe ya Kiingereza. Akasema inawezekana, ila alama nyingi zitahama na hazitalingana na picha zilizochorwa juu ya vitufe. Bwana Kanti alichapa ankara zake kwa vidole viwili huku akiangalia vitufe, hakuinua macho hadi amalize. Aliposikia vitufe vitadanganya akasema haiwezekani, na ofisi ilikuwa yake. Kisha akatoa hukumu.

"Mama Zawadi, andika ngombe. N, g, o, basi. Watu wataelewa."

"Hiyo siyo ng'ombe, Bwana Kanti."

"Ni alama moja tu! Alama moja inakushinda kuiacha? Sikia. Kitabu kinatakiwa Ijumaa ya wiki ijayo. Kama hutaki, kuna mabinti wanatoka chuo cha kompyuta kila siku wananigongea mlango. Watakiandika bila kelele."

Niliogopa, nawaambia wazi. Zawadi wangu alikuwa sekondari, nyumba ilikuwa ya kupanga, na nilikwisha kuonja kufukuzwa mara moja. Lakini nilipokaa kuandika "ngombe", mkono ulikataa. Semeni "ngoma". Mmesikia g inavyogonga? Sasa semeni "ng'ombe". Hakuna g pale. Ni sauti moja ya puani, mtoto wa hapa anaijua kabla ya kuota meno, na mgeni anakesha akiitafuta. Alama ile ndiyo inayomwambia msomaji asigonge. Ukiitoa, unamwambia kwamba sauti yetu hiyo haipo, au ipo lakini haina maana. Na kwa nini? Kwa sababu watu wa nchi ya mbali walinunua kibodi wakaichoka.

Daktari Lema alipopita kuangalia kazi nikamshika. Nilidhani mwenye kitabu atasimama na mimi. Akacheka kicheko chake kikubwa.

"Mama, mimi nataka watu wakamue vizuri. Ng'ombe mwenyewe hasomi!"

Bwana Kanti naye akacheka.

"Ng'ombe hasomi, Daktari," nikamjibu, "lakini mtoto wa mfugaji anasoma, na atakavyoona ndivyo atakavyoandika."

"Haya, haya. Elewaneni na Bwana Kanti, mimi yoyote sawa."

Basi nikabaki peke yangu. Mwenye ofisi haitaki alama, mwenye kitabu haijali, fundi anasema nitazoea.

Kilichoniokoa ni uvivu wa Fredi. Saa ya chakula alikuwa anabaki ofisini kucheza mchezo mmoja wa kompyuta, kijitu kinakimbia na kuruka mashimo. Siku hiyo nilikuwa nakula chapati nikimtazama, nikaona jambo. Alibonyeza A, kijitu kikaruka. Nami nilikuwa nimemwona mara nyingi akirusha kwa spesi.

"Fredi, mbona A inarusha?"

"Nimeigeuza, mama. Spesi iko mbali, nachelewa."

"Umeigeuza kivipi?"

"Kuna kaprogramu. Kanakaa kwenye kumbukumbu kimya kimya, kati ya kibodi na kompyuta. Unakaambia kitufe hiki kikiguswa, peleka kitu kile."

Niliweka chapati chini. "Kitu chochote?"

"Chochote. Hata neno zima."

"Hata n, g na ritifaa kwa pamoja?"

Akasimamisha mchezo. Nilimwona akianza kuelewa, masikio yakambadilika rangi.

"Wewe kijana, umeibadilisha mashine ili kijitu kiruke shimo, mimi umeniambia nitazoea?"

"Samahani, mama. Sikuwaza kama ni kitu cha kazi."

Mchana ule ule tulikaweka kwenye kompyuta yangu. Nilimlazimisha anionyeshe kila hatua na mimi ndiye niliyebonyeza, maana fundi akikufanyia, kesho utampigia magoti. Hili lishikeni: kabla hujagusa faili ambalo mashine hulisoma inapowaka, lifanyie nakala, uiweke kwenye disketi yake peke yake. Ukikosea herufi moja mle, mashine inaweza isiwake vizuri, na hakuna atakayekuhurumia. Baada ya hapo ndipo tukaandika ndani yake jina la kaprogramu, ili kawe kanaamka pamoja na mashine kila asubuhi.

Nilianza na uzito wa mkono wangu. Kumbe unaweza kuiambia kompyuta isubiri kidogo kabla ya kurudia herufi, na nikaisubirisha hadi "Ndugu" ikawa na d moja. Kisha nikaiambia kitufe cha pembeni kikiguswa, herufi kubwa zifunguke, kama taipureta ya watu. Fredi alisema hakuna anayefanya hivyo. Nikamwambia sasa yupo.

Halafu ng'. Tuipe kitufe gani? Nikatazama kibodi herufi kwa herufi kama mtu anayetafuta chumba cha kupanga, nikaona Q. Imekaa pembeni kabisa, na maneno yetu hayaitumii. Nikaipa Q kazi. Ukigusa q ndogo inatoka ng', ukigusa Q kubwa inatoka Ng'. Nikamwendea Bwana Kanti nikamweleza, kwa sababu kompyuta zile mbili tulikuwa tunapokezana.

"Q nimeichukua mimi, bosi."

"Kiswahili kina Q?"

"Hakina."

"Basi chukua, nani anaitaka?" Alikuwa kwenye simu, hata hakugeuka.

Natamani mngeona kazi ya siku zilizofuata. Mkono unaandika qombe, ng'ombe wanatoka kwenye skrini, wazima, hawana kofia. Nilikuwa na kasi kuliko nilivyowahi kuwa. Mzee Shomari alivuka barabara kuja kuona, akaniomba niandike ng'ang'ania, akaitazama inavyotokea, akasema, "Sasa hii ndiyo mashine." Kitabu kikafika kurasa za mwisho na Ijumaa bado haijafika.

Alhamisi asubuhi aliingia Bi Salma. Huyu alikuwa na duka la manukato na vitambaa Kariakoo, ukoo wa watu waliotoka Arabuni siku nyingi, mwanamke ambaye akiingia mahali watu hujikuta wamesimama. Mwanawe alikuwa anaoa. Kadi za harusi Bwana Kanti alikuwa ameziandika mwenyewe siku mbili kabla, kwa heshima ya mteja, kwenye kompyuta yangu nilipokuwa nimetoka kula, akazivusha barabara zikachapwa zote siku ile ile. Bi Salma aliweka boksi juu ya meza, akatoa kadi moja, akaishika kwa ncha za vidole.

"Kanti. Mwanangu anaitwa nani?"

"Qassim, bibi."

"Soma hapa."

Bwana Kanti akasoma. Akaisogeza kadi karibu na macho. Bi Salma akamsomea.

"Ng'assim! Ng'assim ndiye nani? Nimwoze nani, Kanti? Familia ya mwanamke imeshapelekewa kadi ya kwanza, wameuliza kama kijana amebadili kabila!"

Fredi alizama chini ya meza akajifanya anatafuta waya. Bwana Kanti alinigeukia, uso mwekundu.

"Programu yako!"

"Na macho yako, bosi. Ungetazama skrini ungeliona. Na Q niliiomba kwako, ukasema nani anaitaka."

"Nani anaitaka?" Bi Salma akarudia polepole. "Ulisema hivyo, Kanti? Q nani anaitaka?"

Bwana Kanti alikuwa amebanwa, na mtu aliyebanwa humgeukia aliye chini yake. Akapiga meza. "Ondoa hiyo programu sasa hivi. Kitabu kimalizike kwa ngombe, ngombe, ngombe! Au ondoka wewe, Mama Zawadi. Chagua."

Nilimfikiria Zawadi, nikafikiria chumba chetu. Kisha nikasema, na sauti haikutetemeka, najivunia hilo hadi leo:

"Siondoi. Kadi za bibi nitazirekebisha sasa hivi, hilo ni haki yake. Lakini ngombe siandiki. Ukitaka niondoke, niondoke."

Bi Salma alikuwa ananitazama. "Kwani wewe unagombania nini, binti?"

Nikamweleza. Ng'ombe, kofia juu ya o, alama ambayo wote wanasema niiache. Alisikiliza hadi mwisho, kadi bado mkononi.

"Mwanangu huyu," akasema, "kliniki walimwandika kwa K. Shule, K. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliniambia niache, ni herufi tu. Qaf si kaf, nikamwambia, moja inatoka kooni na nyingine mdomoni, na mimi mtoto wangu nimemwita kutoka kooni. Nimekwenda kila ofisi kurudisha hiyo Q." Akamgeukia Bwana Kanti. "Leo nimekuja hapa nimepandwa na hasira kwa herufi moja, na wewe umenisikiliza. Huyu naye ana hasira kwa herufi moja, wewe unamfukuza. Herufi yake na yangu zina tofauti gani?"

Kutoka chini ya meza ikaja sauti ya Fredi, dhaifu kidogo.

"Kuna kitufe kingine, mama. Pembeni ya Z. Kibodi za Kimarekani hazinacho, hizi za Ulaya zinacho. Kina mishale miwili. Sijawahi kuona mtu anakigusa."

Nikakiangalia. Nilikuwa nimekaa mbele yake muda wote huo nisikione. Nikaketi, nikaifungua orodha ya vitufe mbele ya wote, Q nikairudishia uhuru wake, ng' nikaihamishia kwenye kile kitufe cha mishale. Nikaandika Qassim. Ikatokea Qassim. Nikaandika ng'ombe. Wakatokea ng'ombe. Bi Salma aliinama akaikagua Q kwa karibu, akatikisa kichwa kukubali, akakaa kwenye benchi akasema haondoki hadi kadi mpya zivuke barabara zirudi. Alitoa kwenye mkoba wake chupa ndogo ya rangi ya kucha, nyekundu, akanipa nikipake kile kitufe ili kisije kikapotea tena.

Hapo nitawapa ushauri wangu wa ufundi, na sio wa kuomba radhi. Kitufe ukikipa kazi mpya, usiulize lugha yako peke yake kama inakihitaji. Uliza mtaa mzima. Kisha ukishauliza, kipe kazi, na usirudi nyuma.

Kadi zilirudi alasiri zikiwa sawa, Bi Salma akaondoka nazo. Kitabu nilikimaliza jioni ile, ng'ombe wote na ritifaa zao. Fredi alikwishaondoka, maduka ya jirani yalikuwa yanateremsha mageti. Mimi nilikuwa nakusanya mkoba wangu, sijui bado kama nina kazi au sina, maana Bwana Kanti hakuwa amenisemesha tangu asubuhi. Akaja akasimama karibu na meza. Akakigusa kitufe chekundu kwa kidole, ikatoka ng', akaitazama.

"Baba yangu alikuwa anaitwa Chhotalal," akasema. "Kuna hechi mbili pale mwanzoni. Kwetu chh siyo ch. Unasikia? Chh." Akalitamka tena, pumzi ikatoka nyingi. "Alipokwenda kukata leseni ya duka, karani akamwambia moja inatosha, watu wataelewa. Akakubali. Alikuwa na haraka ya kufungua. Bango la mlangoni lina moja, vitabu vina moja, hata pasi yangu ya kusafiria ina moja."

"Hakurudi kuwaambia?"

"Kila mwaka alisema atakwenda." Akainua mabega. "Baadaye akawa anaandika moja mwenyewe. Hata kwenye barua za kwenda kwa mama yake."

Nilikaa tena kwenye kiti, mkoba ukiwa begani. Nikaandika jina lile kwenye skrini tupu, hechi ya kwanza, hechi ya pili, yote hadi mwisho. Alisoma, midomo ikitembea bila sauti. Akajikohoza, akachukua funguo mezani.

"Haya, limeonekana. Futa sasa, tufunge. Kesho uwahi, kuna kazi."

Sikufuta. Niliwasha printa, nikabonyeza ichape, na kelele zake zikajaa ofisi nzima huku yeye amesimama na funguo mkononi, akisubiri karatasi itoke.